Fundi Sauti Anajibu: Ikwalaiza ya Grafiki na Spika Zinazopiga Mluzi

Barua nyingi zilizotufikia hivi karibuni zinahusu kifaa kimoja, ikwalaiza ya grafiki, ile yenye safu ya vitelezi vinavyopandishwa na kushushwa ili kuongeza au kupunguza sauti nzito, za kati na nyembamba. Tumechagua maswali yanayogusa matatizo ya wengi na kuyajibu kwa urefu unaostahili kila moja.

SWALI: Ndugu Fundi, nimekabidhiwa mfumo wa sauti katika ukumbi unaotumika kwa mikutano na kwa muziki. Nimekuta ikwalaiza yenye vitelezi 31, na aliyenitangulia ameipanga kwa umbo la tabasamu: vitelezi vya besi na vya sauti nyembamba viko juu, na vya katikati viko chini. Muziki uliorekodiwa unapendeza, lakini mtu akizungumza kwenye maikrofoni maneno hayaeleweki, na nikiongeza sauti spika zinapiga mluzi. Nianzie wapi bila kuharibu kilichokwisha pangwa? — *Fundi mitambo anayeanza*

JIBU: Ndugu msomaji, ninakushauri ukiharibu. Vipige picha vitelezi hivyo kwa simu yako, ili wenye ukumbi wakilalamika uweze kuvirudisha vilivyokuwa, kisha viweke vyote penye alama ya sifuri. Mpangilio uliokuta ulitengenezwa kwa ajili ya muziki uliorekodiwa, tena pengine kwa sauti ya chini, na ndio unaowanyima wasikilizaji wako maneno.

Vitelezi 31 hugawanya masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi, kifupi Hz) ambayo sikio la binadamu husikia, kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000, kwa hatua za theluthi moja ya oktava. Ndiyo maana namba zilizoandikwa chini yake huenda 100, 125, 160, 200, 250, 315, 400, na kuendelea, na kila baada ya vitelezi vitatu masafa huwa yameongezeka maradufu, na hiyo ndiyo oktava moja. Katika usemi wa binadamu, irabu ndizo zenye nguvu nyingi na hukaa zaidi chini ya Hz 1,000, ilhali konsonanti ni dhaifu na sehemu kubwa ya utambulisho wake iko kati ya Hz 2,000 na Hz 4,000. Ukishusha eneo hilo kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), msikilizaji wa safu ya nyuma atasikia vizuri kabisa kwamba mzungumzaji ametamka neno lenye irabu mbili za *a*, lakini hatajua kama ni *kata*, *pata* au *bata*. Tabasamu ulilolikuta linafanya kazi hiyo hasa.

Kwa nini basi muziki unapendeza? Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sikio halipimi masafa yote kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi huonekana dhaifu kuliko ilivyo, ilhali sikio huwa jepesi mno kusikia masafa ya karibu na Hz 3,000 hadi 4,000. Sauti ikiwa kubwa, tofauti hiyo hupungua sana. Mtu anayepanga ikwalaiza akiwa peke yake ukumbini, huku muziki ukipigwa kwa upole, atavutiwa kuongeza besi, na siku ya shughuli sauti itakapopandishwa, besi hiyo itawafunika wazungumzaji na waimbaji.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Kila desibeli 3 unazoongeza hudai nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya, na desibeli 10 hudai mara kumi. Kama amplifaya yako ya wati 500 inatumia wati 100 kwa besi katika vilele vya muziki, kupandisha kitelezi cha Hz 50 na vya jirani yake kwa desibeli 10 ni kuiomba wati 1,000 ambazo haina. Itakata vilele vya mawimbi, sauti itakwaruza, na spika ndogo za sauti nyembamba ndizo ambazo mara nyingi huungua kwanza. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hutumia kifaa hiki kupunguza, na ni nadra kwao kuongeza. Mimi binafsi nikiona kitelezi kilichopanda zaidi ya desibeli 3, huanza kushuku kwamba kuna spika iliyokufa au waya uliounganishwa kinyume.

Hilo ndilo jambo la kuchunguza kabla ya kugusa vitelezi. Hakikisha kila spika inatoa sauti nzito na nyembamba, kwa kuisikiliza moja moja ukiwa karibu. Hakikisha spika mbili zinazopiga sauti moja hazipingani: ukisimama katikati yake, besi inapaswa kuwa imara, na ikipotea hapo lakini ikarudi unapozima spika moja, basi nyaya chanya na hasi zimebadilishana mahali fulani. Spika kuu ziwe mbele ya maikrofoni, zimeinuliwa juu ya vichwa vya watu waliokaa, na zielekee kwa wasikilizaji badala ya ukuta wa nyuma. Kitelezi hakiwezi kurekebisha spika iliyoelekezwa vibaya.

Baada ya hapo chukua wimbo mmoja unaoujua vizuri kutokana na kuusikia kwenye mifumo mingi, uupige kwa kiwango kinachokaribia kile cha siku ya shughuli, kisha tembea ukumbini. Usipange kwa kusikiliza ukiwa umesimama kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) tu. Jambo unalolisikia pembeni, katikati na nyuma ndilo la mfumo. Linalosikika kwenye kiti kimoja pekee ni la kiti hicho, na ukilitibu kwa ikwalaiza utakuwa umewaharibia wote waliobaki.

Kisha mwombe mwenzako asome gazeti kwenye maikrofoni kwa sauti ya kawaida. Kumbi nyingi huwa na uzito usiotakiwa kati ya Hz 200 na Hz 400, na maneno husikika kana kwamba msomaji amefunikwa blanketi. Shika kitelezi cha Hz 250 ukishushe taratibu, desibeli moja, mbili, tatu, huku mwenzako akiendelea kusoma bila kubadili sauti yake. Mahali fulani karibu na desibeli 3 blanketi litaondoka. Ukiendelea hadi 6 sauti itaanza kukonda na kukosa kifua. Rudi nyuma kidogo, uache hapo. Kama Hz 250 haikuleta tofauti, irudishe sifuri kabla ya kujaribu Hz 315, kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi ni vitelezi vilivyoshushwa kwa majaribio vikasahaulika huko chini.

Kumbuka pia kwamba vitelezi jirani huathiriana. Katika vifaa vingi, ukishusha Hz 200, 250 na 315 kwa desibeli 3 kila kimoja, shimo linalotokea katikati huwa na kina kuliko 3, kwa hiyo mstari unaouona kwa macho si mchoro halisi wa kinachotokea kwenye sauti, ingawa jina la kifaa linadokeza hivyo. Kitufe cha kuiondoa ikwalaiza kwenye njia ya sauti kitumie mara kwa mara kulinganisha, ila linganisha kwa ukubwa uleule wa sauti. Sikio hupenda kilicho kikubwa zaidi, na linaweza kukushawishi kwamba mpangilio mbaya ni bora kwa sababu tu una desibeli 2 za ziada.

Jambo la mwisho kwako: ikwalaiza hii ni ya mfumo na ukumbi. Mwimbaji mmoja mwenye sauti ya puani hurekebishwa kwenye chaneli yake, yaani njia ya maikrofoni yake, katika mikisa. Na kwenye kila chaneli ya sauti ya mtu, bonyeza swichi ya kukata masafa ya chini, ambayo katika mikisa nyingi hukata kuanzia karibu Hz 80 au 100. Swichi hiyo itaondoa mitikisiko ya jukwaa na pumzi za mdomo bila kunyang'anya gitaa la besi chochote.

SWALI: Kuna mafundi wanaosikia mluzi na kutaja namba ya kitelezi papo hapo. Wanajuaje? Na kuna utaratibu gani wa kuumaliza mluzi kabla watu hawajaingia ukumbini? — *Mpiga kinanda aliyegeuzwa fundi*

JIBU: Wewe mpiga kinanda una nusu ya elimu hiyo tayari, kwa sababu mluzi ni noti. Sauti ya spika huingia kwenye maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka tena kwenye spika, ikarudi. Palipo na masafa ambayo sauti inayorudi ina nguvu sawa na iliyotangulia au zaidi, na mawimbi yake yanafika yakiwa yanaungana badala ya kupingana, mzunguko hujilisha wenyewe na noti moja huanza kuimba. Noti ya A iliyo juu ya C ya kati ni Hz 440, kwa hiyo mluzi wa noti hiyo utaukuta karibu na kitelezi cha Hz 400; A ya oktava inayofuata ni Hz 880, na kitelezi chake ni cha Hz 800.

Kwa asiyejua noti, irabu za Kiswahili zinatosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler wa Ujerumani alieleza kwamba mlio mtupu hulifanya sikio lihisi irabu fulani, na irabu hizo hupanda kwa oktava: karibu na Hz 250 husikika kama *u*, karibu na 500 kama *o*, karibu na 1,000 kama *a*, karibu na 2,000 kama *e*, na karibu na 4,000 kama *i*. Mluzi unaosema *ooo* utafute kwenye vitelezi vya 400, 500 na 630; unaosema *iii* uko juu, kati ya 3,150 na 5,000. Si kipimo cha maabara, lakini hupunguza vitelezi vya kushuku kutoka 31 hadi vitatu, na kwa fundi mwenye watu 300 wanaomtazama hiyo ni faida kubwa. Kosa la kawaida ni kukosea kwa oktava nzima, kwa hiyo ukishusha kitelezi na mluzi usitikisike, kirudishe, kisha jaribu kilicho vitelezi vitatu juu yake au chini yake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Weka maikrofoni mahali zitakapotumika, zikiwa zimefunguliwa kwa kiwango cha kawaida, na monita, yaani spika zinazowaelekea waimbaji ili wajisikie, zikiwa mahali pake. Pandisha sauti ya mfumo polepole sana, kidole kikiwa tayari kushusha, hadi usikie mlio mwembamba unaotaka kuanza, ule unaobaki hewani sekunde moja baada ya mtu kusema neno. Usisubiri upige kelele kamili, kwani masikio yako na spika za sauti nyembamba havistahili adhabu hiyo. Tambua masafa, shusha kitelezi husika kwa desibeli 3, kisha pandisha tena. Mluzi wa pili utatokea kwingine, ushughulikie vilevile. Ukifika wa nne au wa tano, au ukisikia masafa mawili au matatu yakianza kuimba kwa pamoja, acha. Hapo mfumo umefika mwisho wake, na kila kitelezi utakachoshusha kuanzia sasa kitakuwa kinapunguza tu sauti yote kwa njia ndefu. Shusha sauti kuu kwa desibeli 6 kutoka pale ilipoanza kulia, na hicho ndicho kiwango chako cha juu cha kazi.

Kama kiwango hicho hakitoshi, tatizo liko nje ya ikwalaiza. Maikrofoni iliyo sentimita 30 kutoka mdomoni ikisogezwa hadi 15 huokota takribani desibeli 6 zaidi za sauti ya mzungumzaji, bila kuongeza hata kidogo kinachorudi kutoka kwenye spika. Hakuna ikwalaiza itakayokupa faida hiyo bila kuharibu kitu. Kila unapozidisha maikrofoni zilizofunguliwa maradufu, kutoka mbili hadi nne au kutoka nne hadi nane, unapoteza takribani desibeli 3, kwa hiyo zima zisizotumika. Monita nayo iwekwe upande ambao maikrofoni ni kiziwi. Maikrofoni za kadioidi, zinazosikia zaidi kwa mbele, ni dhaifu kabisa kwa nyuma, kwa hiyo monita ikae mbele ya mwimbaji ikitazama mgongo wa maikrofoni, ilhali za superkadioidi, zinazosikia eneo jembamba zaidi kwa mbele, husikia kidogo kwa nyuma moja kwa moja na udhaifu wake uko kwenye pembe ya takribani nyuzi 125, hivyo monita husogezwa pembeni kidogo. Na waimbaji waombwe wasikifumbate kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, maana wakifanya hivyo huziba matundu yanayoifanya isikie mbele pekee, na maikrofoni nzuri huanza kusikia kila upande, monita zikiwemo.

SWALI: Nina programu ya simu inayoonyesha masafa kwa nguzo za rangi. Nikipiga kelele ya majaribio na kusawazisha nguzo zote kwa vitelezi, si nitakuwa nimemaliza kazi? — *Mpenda vipimo*

JIBU: Utakuwa umeanza kazi nyingine ya kurekebisha ulichofanya. Kelele inayofaa kwa kipimo hicho ni kelele pinki, ambayo ina nguvu sawa katika kila oktava, na kwenye nguzo za theluthi ya oktava huonyesha mstari ulionyooka ikiwa mfumo umenyooka. Lakini maikrofoni ya simu ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na simu nyingi hupunguza besi kwa makusudi, kwa hiyo utajikuta ukiongeza besi ambayo tayari ipo. Hata ukitumia maikrofoni halisi ya vipimo, nguzo hazitofautishi sauti iliyotoka moja kwa moja kwenye spika na ile iliyogonga kuta ikarudi, ilhali sikio hutofautisha vizuri sana. Ukinyoosha mstari kwenye viti vya katikati ya ukumbi, matokeo kwa kawaida huwa makali na ya kuchosha; mfumo unaopendeza huonyesha mstari unaoteremka taratibu kuelekea masafa ya juu.

Hatari kubwa zaidi ni mashimo. Spika mbili zikikufikia kwa umbali unaotofautiana kwa sentimita 34, mawimbi ya karibu na Hz 500 hufika yakipingana na kufutana, kwa sababu hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi hilo, ikiwa sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Programu itakuonyesha shimo, nawe utapandisha kitelezi cha 500, na shimo halitajaa, kwa kuwa unaziongezea nguvu pande zote mbili zinazopingana. Atakayeumia ni msikilizaji wa kiti cha jirani, ambako shimo halikuwepo. Kwa hiyo pima mahali pengi, puuza mashimo membamba, shughulikia vilima vinavyojirudia kila mahali, kisha zima simu na usikilize.

SWALI: Tuna ikwalaiza moja ya chaneli mbili. Je, tuitumie kwa spika kuu za kushoto na kulia, au kwa monita? — *Kikundi cha waimbaji*

JIBU: Chaneli moja kwa spika zote kuu, nyingine kwa monita. Ni wasikilizaji wachache sana waliokaa mahali pa kufaidi tofauti ya kushoto na kulia, ilhali monita ndizo zilizo karibu zaidi na maikrofoni, na ndizo zinazoanza kulia. Utalazimika kupeleka sauti ileile kwenye spika za pande zote mbili, na hiyo si hasara kubwa. Kwenye monita unaweza kuwa mkali kuliko kwenye spika kuu: kata bila huruma chini ya Hz 100 kama ni za sauti za watu pekee, na usijali kama monita haipendezi mradi waimbaji wanajisikia.

SWALI: Nilipanga kila kitu mchana ukumbi ukiwa mtupu na ukasikika vizuri, lakini watu walipojaa sauti ikawa nzito na butu. Nilikosea wapi? — *Msomaji*

JIBU: Hukukosea. Miili na nguo hunyonya masafa ya juu na ya kati kuliko besi, na ukumbi uliojaa huwa na mwangwi mfupi kuliko mtupu. Mara nyingi mluzi pia hupungua, kwa hiyo kitelezi cha sauti nyembamba ulichokishusha mchana kwa desibeli 4 huenda sasa kikarudishwa hadi 2. Joto nalo likipanda, kasi ya sauti huongezeka kwa takribani mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, na mluzi unaweza kuhama kidogo kutoka pale ulipouacha. Fanya marekebisho katika dakika za kwanza za shughuli, kitelezi kimoja kwa wakati, kisha ondoa mkono.

SWALI: Ukumbi wetu una kuta za zege, sakafu ya vigae na dari ndefu. Mwangwi ni mwingi mno. Ni masafa gani nishushe ili kuuondoa? — *Msimamizi wa ukumbi*

JIBU: Hakuna. Mwangwi ni suala la muda, yaani sauti kuchelewa kufa, na kitelezi hakina uwezo juu ya muda. Kinachoweza kufanya ni kupunguza kiasi cha masafa fulani kinachoingizwa ukumbini. Dawa ni mapazia mazito, mazulia, viti vya vitambaa, na zaidi ya yote spika ndogo kadhaa zilizo karibu na wasikilizaji badala ya mbili kubwa zinazopiga kutoka mbali, kwa sababu msikilizaji aliye karibu na spika hupokea sauti ya moja kwa moja nyingi kuliko iliyogonga kuta. Spika za nyuma zicheleweshwe kwa takribani milisekunde 3 kwa kila mita moja ya umbali kutoka zile za mbele, la sivyo watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Msaada mdogo ambao ikwalaiza inaweza kutoa upo kati ya Hz 125 na Hz 250. Zege na vigae havinyonyi besi, kwa hiyo masafa hayo hubaki hewani muda mrefu na kuzifunika konsonanti za neno linalofuata. Yashushe kwa desibeli 2 au 3 wakati wa hotuba. Ukizidi hapo, mzungumzaji wa kiume ataanza kusikika kama anayepiga simu, na mwangwi utakuwa palepale.